Uzito wa Gari Tupu

Miaka ishirini na sita nilikaa kibanda cha mizani
pale kiwandani Masese, Jinja,
mafuta ya pamba na sabuni za miche.
Lori linaingia tupu: napima, naandika.
Linatoka limejaa: napima, natoa.
Kinachobaki ndicho mzigo.
Kingine chote ni chuma, matairi,
na dereva aliyeshiba.

Kiswahili changu nilikiokota hapo hapo,
kwa madereva wa Malaba na Eldoret,
lugha ya kubishania kilo.
Hadi leo nikitaka kujua neno lina nini ndani
nalivusha kwanza, liingie Kiswahili.

Nilipostaafu, kiinua mgongo kikawa hisa elfu nane
na mabati ya jikoni.
Nabirye, mke wangu, alitaka yote yawe mabati.

Basi Juni nikaenda Kampala, mkutano wa wenye hisa,
ukumbi wa hoteli, zulia linalomeza viatu.
Mkurugenzi wetu, Bwana Tenywa, akasimama.
Sauti yake nzuri. Sisemi kwa kejeli:
sauti ya mtu ambaye ungemwachia mwanao
amvushe barabara.
Akashusha Kiingereza cha dakika arobaini
nami nikawa navusha, neno kwa neno,
nikitazama silabi ya pili.
Tutapanua. Tutalipa. Tutafika Kongo.
Ta, ta, ta, kama pikipiki inayokataa kuwaka.
Nilingoja "me" moja tu.
Ikaja: tumejipanga.
Nilingoja "li". Zikaja mbili:
mvua ilichelewa, dola ilipanda.

Hakusema uongo.
Mtu mwenye wakili ubavuni hasemi uongo;
anachagua dirisha la kukuonyeshea nyumba.
Hatukuonyeshwa bomba namba mbili
ambalo halijatoa moshi tangu Pasaka
(mimi naliona kutoka uani, nikipiga mswaki).
Hatukuambiwa kwamba Isabirye, aliyerithi kibanda changu,
hupima malori tisa kwa siku
pale nilipokuwa nikipima arobaini,
na alasiri hucheza drafti na mlinzi
kwa vifuniko vya soda.

Lakini na mimi nisijitakase.
Mwaka fulani meneja alileta wageni wa benki,
akanigusa bega,
nikaandika tani kumi na nane
mahali penye kumi na nne.
Mkono haukutetemeka.
Wageni wakaitikia kwa kichwa, wakanakili.
Tangu siku hiyo najua tarakimu nayo ina mdomo,
na mdomo hulishwa.

Wakati wa maswali nikasimama.
Kipaza sauti kilinukia manukato ya mtu mwingine.
Nikasema: Mheshimiwa, nimekuja na hotuba yako ya mwaka juzi,
mwaka ule tuliokula hasara.
"Msingi imara", yamo.
"Mwelekeo mzuri", yamo.
"Tunawashukuru kwa subira", yamo mara tatu.
Hiyo ndiyo hotuba yako ikiwa tupu.
Ya leo nimeipima, nikatoa ile.
Mzigo uko wapi?

Watu wakacheka.
Naye akacheka, akaniita mzee wetu,
akasema swali zuri, litajibiwa.
Ta.

Tukapewa sambusa mbili mbili.
Nje, kijana wa suti ya kijivu akaninong'oneza: uza.
Nikamuuliza, wewe umeuza?
Akatazama simu yake.

Sikuuza. Usiniulize sababu,
ningekupa nzuri, na ungeiamini.
Nabirye hajasema kitu; mvua ikinyesha
huhesabu mabati yetu kwa sauti, basi.
Asubuhi napiga mswaki polepole kuliko zamani,
macho kwenye bomba namba mbili.
Na jioni Isabirye akipita na baiskeli
hapotezi pumzi kwa salamu.
Ananyoosha vidole tu.
Jana tisa.
Leo, mkono mmoja ukiwa umeshika usukani,
vimetosha vya mkono uliobaki.